Kiti cha Mbele

Mzee Ambilikile alikohoa upande wa zizi, na Loyce akaacha mwiko ndani ya sufuria, akavuta kanga kichwani na kupotelea migombani. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba ile. Mkamwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe, hamwiti jina, wala haongei penye masikio yake. Mzee naye hukohoa kabla hajakata kona, ili mwenzake apate nafasi ya kupisha. Kule mjini, Makandana, wakamwana wa siku hizi wanakaa kochi moja na wakwe zao wakitazama taarifa ya habari, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini kijijini hapa, juu ya barabara ya Kawetele, Mzee Ambilikile alikuwa bado anakohoa, na Loyce alikuwa bado anapisha. Wala hapakuwa na ukali wowote. Walikuwa wanaheshimiana, basi.

Asubuhi ile mzee hakuwa peke yake. Alifuatana na Erasto, afisa wa Wakala wa Chai ya Wakulima Wadogo, kijana mwenyeji wa hukuhuku, mwenye buti zisizojua tope. Ambokile, mume wa Loyce, aliwatolea viti na kubaki amesimama.

"Nimeleta habari nzuri," Erasto alisema. "Mkurugenzi wetu mpya ana miezi mitatu tu tangu ateuliwe. Amepeleka mpango kazi wake bungeni. Sasa kamati ya Bunge wanasema hawatausoma wamekaa Dodoma, wanakuja kuukagua shambani. Alhamisi wako hapa. Wamechagua banda lenu la kupimia chai."

"Wamechagua wenyewe?" Ambokile aliuliza.

"Tumewasaidia kuchagua."

"Na huo mpango unasemaje?"

"Unasema gari la chai linapita kila siku ya kuchuma, majani hayalali."

Ambokile alitazama korongo lililo nyuma ya banda, ambako kwa wiki nyingi sasa wanakijiji walikuwa wakimwaga majani yao. Chai mbichi ukiirundika inapata joto, inageuka nyekundu, na ikishakuwa nyekundu hata ng'ombe anaipita. Korongo lilikuwa linanuka.

"Gari lenyewe sijaliona tangu mvua zianze, Erasto. Unajua hilo."

"Alhamisi utaliona."

"Na Ijumaa?"

Erasto alicheka kama mtu aliyetaniwa, akamgeukia mzee. "Baba, wewe ndiye uliyepanda chai ya kwanza kijiji hiki. Tumekuwekea kiti cha mbele kabisa, kando ya mheshimiwa mwenyekiti wa kamati. Usikose."

Mzee alinyoosha mgongo. Maisha yake yote alikuwa amewapungia mkono wakubwa akiwa nyuma ya kamba, na sasa anaambiwa atakaa nao bega kwa bega. "Ndaga fijo, ahsante sana, mwanangu," alisema.

Huko migombani Loyce alisikia yote. Alisikia na jambo ambalo Erasto hakulitamka, kwa sababu Erasto amezaliwa hapa, ameoa hapa, na mke wake mwenyewe humpisha baba yake njiani. Wanawake wa banda walikuwa wamemchagua Loyce kusema mbele ya kamati. Na Erasto alikuwa na habari hiyo tangu Jumapili.

*

"Erasto hawezi kufanya hivyo makusudi," Ambokile alisema. Walikuwa shambani wakichuma, kila mmoja kwenye mstari wake. Walichuma majani ambayo huenda yangeishia korongoni, kwa sababu chai usipoichuma inapanda juu na kuwa kichaka.

"Kafanya makusudi, baba Tulinagwe. Baba akikaa pale mbele, mimi nitafungua mdomo saa ngapi?"

"Si Lazaro atasema? Ndiye mwenyekiti wa banda."

"Lazaro mtoto wake ameitwa kazini huko Wakala wiki iliyopita. Anashika mzani kituo cha Kisiba. Unadhani Lazaro atasema nini?"

Ambokile aliendelea kuchuma. Alikuwa ameshasema lake, na alilisema mara moja tu: kamati ikiondoka na gari lisipoendelea kupita, yeye anakwenda Chunya kuchimba dhahabu. Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Loyce. Mdogo wake, Jairo, alikwenda Chunya na kurudi ndani ya sanduku, akiwa na udongo mwekundu bado kwenye kucha. Ambokile ndiye aliyemwosha. Mtu aliyeona hayo akisema anakwenda hukohuko, ujue amechoka kweli.

"Mwambie baba akae kiti kingine," Loyce alisema. "Nyuma kidogo tu, au ndani ya banda. Sitaki awe ananisikia."

"Nimwambie baba ahame kiti alichopewa na Bunge?"

"Kwani wewe unaona rahisi kwenda Chunya kuliko kumwambia?"

Neno hilo lilimchoma Ambokile. Jioni ile alikwenda kwenye nyumba ya baba yake, akamkuta ameketi mlangoni akipaka viatu rangi. Koti alilovaa kwenye harusi ya Jairo lilikuwa limetundikwa juu ya dirisha, limefuliwa, linachuruzika maji.

"Umekuja vizuri," mzee alisema. "Hii tai nimesahau inavyofungwa. Nifungie kabisa, niwe naivaa kwa kuipitisha kichwani."

Ambokile aliifunga ile tai kwenye shingo yake mwenyewe, akailegeza, akaivua na kumpa. Kila alipotaka kuanza, mzee aliuliza jambo lingine. Mheshimiwa mwanamke unamsalimia kwa kumpa mkono au unasubiri akupe? Akikuletea maji ya chupa unakunywa palepale au unakwenda nayo nyumbani?

"Unakunywa palepale, baba."

Akarudi kwa mke wake. Loyce alimtazama usoni, akageuka na kuendelea kumenya ndizi.

*

Alhamisi gari la chai lilikuwepo. Liliegeshwa mbele ya banda, limeoshwa hadi matairi, na wanawake walipanga matenga yao kando yake kama walivyoelekezwa. Turubai lilifungwa. Viti vya plastiki vilishushwa kutoka kwenye gari dogo la Wakala, na cha mzee kikawekwa mahali palepale palipoahidiwa. Mzee aliwahi kufika akakikalia. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza tena. Wageni waliosemwa wa saa tatu walitokea baada ya saa sita, msururu wa magari meupe yaliyotapakaa tope.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mheshimiwa Prisca, mama wa makamo mwenye sauti kavu. Alimpa mzee mkono na kumwambia shikamoo, na mzee akajibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. Kwa dakika chache hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye Rungwe nzima.

Mkurugenzi mpya, Vicent, alisimama kueleza mpango kazi wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alieleza haraka kama anayeogopa kukatishwa. Alisema miche, alisema mbolea, alisema usafirishaji umeboreshwa.

"Gari lile pale linakuja kila siku ya kuchuma?" Mheshimiwa Prisca aliuliza.

Vicent alimtazama Erasto, kisha akalitazama gari. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Wakulima wanasemaje?"

Lazaro alisimama, akavua kofia, akamshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akamshukuru mkurugenzi, na akasema changamoto ndogondogo hazikosekani. Kisha akakaa bila kumtazama mtu.

"Nimemsikia baba," Mheshimiwa Prisca alisema. "Lakini ninaowaona na matenga hapa ni kina mama. Hakuna mama wa kusema?"

Wanawake walimsukuma Loyce. Alisimama. Mbele yake, hatua chache tu, mabega ya koti la mkwe wake yalikuwa yamenyooka kando ya mwenyekiti. Mzee aligeuza kichwa kuona nani amesimama, akaona kanga, na palepale akageukia mbele akainamisha uso. Loyce alivuta kanga hadi machoni akaupa mkutano mgongo. Mwili ulifanya hivyo wenyewe, kama ulivyofanya kila siku tangu aolewe.

"Mama, geuka tukuone," Mheshimiwa Prisca alisema. "Usiogope, sisi ni wawakilishi wako."

Loyce alinyamaza. Maneno aliyokuwa nayo alikuwa ameyarudia shambani, jikoni, hata kanisani wakati wa mahubiri. Yalikuwepo yote. Alijiona mjinga, na alimwona Ambokile amesimama nyuma ya watu wote, mikono mfukoni, akiwa ameshaanza kuondoka ingawa miguu ilikuwa bado ipo.

"Mama?"

Kwenye kona ya turubai wabunge wawili walicheka kidogo, kicheko cha huruma. Erasto akainama katikati ya mwenyekiti na mzee. "Mheshimiwa, mama zetu huku wana haya sana. Wakinyamaza, ujue wameridhika."

"Haya, mama, kaa. Ahsante. Tuendelee."

Mzee Ambilikile alilisikia lile neno. Wakinyamaza wameridhika. Alimtazama Erasto, kijana aliyemjua tangu anabebwa mgongoni, akakitazama kile kiti cha plastiki, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika kingo zake. Ilimchukua muda kuelewa, maana alikuwa mzee na furaha ilikuwa bado haijamtoka. Alipoelewa, uso ulimjaa aibu. Hawakumpa kiti. Walimweka pale afunike mdomo wa mtu.

Akasimama.

"Baba, choo kiko upande huu," Erasto aliwahi.

"Nipishe."

"Mvua inanyesha, baba. Kaa, tunakaribia kumaliza."

"Erasto. Nipishe."

Alitoka chini ya turubai na koti lake la harusi, tai shingoni, akaingia kwenye mvua. Watu walidhani amechukia. Mheshimiwa Prisca alisimamisha kalamu, akauliza kama mzee anaumwa. Mzee alivuka barabara, akaingia kwenye chai, akapanda mstari baada ya mstari mpaka ukungu ukamla nusu. Kisha kutoka huko juu kikasikika kikohozi. Alikohoa kwa nguvu, mara moja tu.

Kila mkamwana aliyekuwa pale alielewa maana yake. Niko mbali. Endelea.

Loyce aliishusha kanga mabegani akageuka.

"Mheshimiwa, sijaridhika," alisema. "Gari hili tumeliona leo. Majani yetu yako kwenye lile korongo nyuma yenu, mkisimama mtayanusa. Mwezi uliopita nilijitwika tenga hapa nikaenda nalo kwa miguu mpaka ofisi ya Wakala, Tukuyu mjini, niwaombe waje, au wayapokee hayo tu. Wakaniambia nisubiri nje, kuna kikao. Nikasubiri. Ndani walikuwa wanakunywa chai, vikombe navisikia. Majani yakaanza kupata joto, nikayamwaga barazani niyapunge yapoe. Akaja mfagizi akauliza, hizi takataka za nani? Mimi nikaona aibu kusema ni zangu. Nikanyamaza. Akazifagia."

Chini ya turubai hapakuwa na aliyecheka.

"Leo pia nilitaka kunyamaza," Loyce alisema, akakaa.

Mheshimiwa Prisca alifunga kalamu yake. "Ndugu Mkurugenzi. Gari hili ni la nani?"

Vicent alijifuta uso. Pengine alikuwa amechoka kudanganya, au harufu ya korongo ilikuwa imemfikia. "Tumeliazima, mheshimiwa. Magari niliyoyakuta hayatembei."

"Mpango kazi wako unasema yanatembea."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kamati ilimbana mpaka akabaki anajibu ndiyo na hapana. Mwisho mwenyekiti akaagiza gari hilohilo libaki, lipite kila Jumatatu, na taarifa imfikie yeye mwenyewe. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na magari meupe yakageuza kuwahi Mbeya kabla giza halijaingia.

Mzee aliporudi, amelowa hadi soksi, viti vilikuwa vinapakiwa kwenye gari. Chake kilikuwa kimeshawekwa juu ya vingine. Chupa yake ya maji, ambayo hakuifungua, mtu alikuwa ameinywa.

"Amesema?" alimuuliza Ambokile.

"Amesema, baba."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Mimi sikusikia neno hata moja," mzee alisema, akavua tai kwa kuipitisha kichwani.

*

Jumatatu gari lilikuja. Ambokile alitoa nguo kwenye begi la safari ya Chunya na kuzirudisha kwenye kamba ya chumbani. Loyce aliziona zimening'inia pale na akaimba siku nzima, jambo ambalo Tulinagwe, binti yao, alilishangaa. Jumatatu iliyofuata gari lilikuja tena, limechelewa, lakini lilikuja.

Halafu redio ikatangaza kwamba uteuzi wa Mkurugenzi wa Wakala wa Chai ya Wakulima Wadogo umetenguliwa kufuatia taarifa ya kamati ya Bunge. Kijiji kizima kilimpongeza Loyce. Lazaro mwenyewe alikuja kumpa mkono. "Umemng'oa," alisema. Loyce hakujua acheke au afanye nini. Alikumbuka yale macho mekundu ya Vicent.

Jumatatu ya tatu gari halikuja. Ya nne halikuja, akaja Erasto na pikipiki. Alisimama mbali na nyumba, hakuomba kiti.

"Mwenye gari amelichukua," alimwambia Ambokile. "Aliliazimisha kwa Vicent, si kwa Wakala. Sasa ameteuliwa mkurugenzi mpya. Hawezi kukodi chochote mpaka aandae mpango kazi wake."

"Na akishauandaa?"

"Utapelekwa bungeni. Kamati itakuja kuukagua." Erasto alitazama chini. "Inawezekana wakachagua banda hilihili."

Ambokile hakumtukana. Aliingia ndani akazitoa zile nguo kwenye kamba, zikiwa na unyevu wa msimu wa mvua, akazikunja vizuri kuliko alivyowahi kukunja nguo yoyote.

"Ni mimi," Loyce alimwambia. "Nisingesema, Vicent angekuwepo na gari lingekuwepo."

"Usingesema, gari lingeondoka na kamati siku ileile."

"Sasa tofauti ni nini?"

Ambokile alikaa kitandani kando yake. "Jumatatu mbili," alisema. "Usilie, mama Tulinagwe. Nikipata kidogo narudi."

Alilia. Asubuhi akampa maparachichi na ndizi za kuchoma za njiani, na hakumsindikiza mpaka barabarani kwa sababu baba mkwe ndiye aliyekuwa anamsindikiza.

*

Mchana Loyce alichuma. Hakuna aliyemtuma. Wanawake wengine walikuwa wameshaacha, na mashamba ya jirani yameanza kupanda juu. Yeye alichuma tenga zima akalipeleka bandani, akakaa chini ya bati peke yake mbele ya ndoano tupu ya mzani, mvua ikipiga. Aliingiza mkono ndani ya majani. Yalikuwa yameanza kupata joto.

Kikohozi kikasikika njiani.

Loyce alinyanyuka, akavuta kanga kichwani, akatoka upande wa pili na kusimama kwenye mvua, mgongo bandani. Alimsikia mzee akiingia, akasikia na fimbo yake ikiegemezwa ukutani. Alingoja apumzike kidogo kisha aende zake, kama siku zote. Maji yalimwingia shingoni.

"Loyce."

Alidhani masikio yamemdanganya. Tangu aolewe hakuwahi kulisikia jina lake kwenye mdomo ule.

"Loyce, rudi ndani. Unalowa."

Hakusogea. Hakujua mtu anasogeaje.

"Siku ile sikwenda mbali," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na ardhi. "Nilikohoa, halafu nikarudi nikachutama kwenye chai, pale karibu na barabara. Nilitaka kusikia. Takataka za nani. Nilisikia yote, mwanangu. Mwanangu mmoja nimemzika, mwingine leo nimempandisha gari. Sasa nimebaki na nani wa kumkoholea?"

Loyce aligeuka. Mzee alikuwa ameketi kwenye gogo, bila koti, mdogo kuliko alivyomdhania. Ndipo alipotambua kwamba hakuwahi kumtazama usoni. Pua ilikuwa ya Ambokile, ileile.

Akaingia. Akakaa kwenye ncha ya pili ya gogo.

Mzee alilisogelea tenga, akaingiza mkono ndani na kuutoa.

"Yanaungua."

"Ndiyo, baba."

"Gari halitakuja."

"Halitakuja, baba."

"Basi tuyamwage."

Alishika ukingo mmoja wa tenga, Loyce akashika wa pili, wakatoka kwenye mvua wakielekea korongoni, polepole, kwa mwendo wa mzee. Katikati ya njia kikohozi kilimbana, kikohozi cha kweli cha kifua, akasimama akiwa ameinama. Loyce hakupisha. Alishikilia tenga upande wake mpaka kilipomwacha.